Lugha za Juu katika Kazi za Chini: Historia ya Uandishi wa Mifumo Endeshi na Funzo Lake kwa Mjadala wa Uwezo wa Lugha

Ikisiri

Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa kompyuta wamekuwa wakibishana iwapo lugha ya programu ya kiwango cha juu, yaani ile iliyo karibu zaidi na fikra za binadamu kuliko na maunzi ya mashine, inafaa kuandikia mifumo endeshi na programu za kompyuta ndogo zinazopachikwa ndani ya vifaa. Makala hii inafuatilia historia ya ubishi huo kuanzia kompyuta za Burroughs, mradi wa Multics na mfumo wa Unix, kupitia vyombo vya anga na lugha ya Ada, hadi majaribio ya karne hii ya Go, Rust na MicroPython. Hoja kuu ni kwamba hakuna lugha iliyokubaliwa katika kazi hiyo kwa mabishano peke yake. Kila iliyokubaliwa ilibebeshwa kwanza kazi yenyewe, upungufu wake ukapimwa, na lugha ikarekebishwa kufuatana na mahitaji ya kazi. Makala inahitimisha kwa kuonesha mambo ambayo watafiti wa Kiswahili wanaweza kujifunza, pamoja na mipaka ya ulinganisho huo.

Maneno makuu: lugha za programu, mfumo endeshi, mfumo pachikwa, kompaila, uwezo wa lugha

1. Utangulizi

Katika makongamano ya Kiswahili ya ukanda huu, swali moja hurudi kila mara: je, Kiswahili kinaweza kubeba elimu ya juu ya sayansi na teknolojia? Wanaokana hutaja sababu ambazo si za kupuuzwa. Husema kuwa istilahi ni chache, maelezo hurefuka, vitabu havipo, na wataalamu wenyewe wamekwisha kuzoea lugha nyingine. Wanaokubali nao mara nyingi hujibu kwa kukumbusha ukuaji wa lugha na wingi wa wazungumzaji wake. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba uwezo ni sifa iliyomo ndani ya lugha, ambayo mtu huiona au huikosa kwa kuitazama tu.

Mwandishi wa makala hii ameshiriki mijadala hiyo kwa miaka mingi bila kuridhika na upande wowote. Miaka michache iliyopita, mwenzake mmoja anayefundisha kompyuta alimweleza, katika mazungumzo ya kawaida ya chumba cha walimu, kwamba fani yake imepitia ubishi unaofanana na huu, wenye sababu zilezile za uchache wa nyenzo, urefu wa matokeo na mazoea ya wataalamu. Tofauti ni kwamba ubishi wao uliacha ushahidi: programu zilizoandikwa, vipimo vilivyochapishwa, na mashine zilizofanya kazi au kushindwa mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo mtafiti wa lugha anaweza kufuatilia hatua kwa hatua jinsi hukumu ya "haitoshi" ilivyotolewa, na jinsi ilivyotenguliwa.

Tahadhari moja inahitajika mapema. Lugha ya programu si lugha ya binadamu. Haina mzawa wala jamii inayoirithisha kwa watoto wake, na kila sentensi yake ina maana moja tu kwa mashine. Makala hii hailinganishi miundo ya lugha hizo mbili. Inachunguza namna watu wanavyofikia uamuzi kwamba lugha fulani inatosha au haitoshi kwa kazi fulani.

2. Juu na chini: ufafanuzi wa dhana

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, "juu" huashiria heshima na "chini" huashiria unyonge. Katika fani ya kompyuta maneno hayo hupima umbali kutoka kwenye mashine. Chini kabisa ipo lugha ya mashine, ambayo ni mfuatano wa tarakimu. Juu yake kidogo ipo asembli, ambamo kila amri ya kichakataji hupewa jina fupi: pakia namba hii, ijumlishe na ile, iweke katika kumbukumbu mahali fulani. Lugha ya juu humruhusu mwandishi kueleza kazi kwa fomula, masharti na majina aliyoyachagua mwenyewe, kisha programu iitwayo kompaila huyafasiri maelezo hayo kuwa amri za mashine.

Mfumo endeshi ni programu inayozitawala programu nyingine zote. Hugawa muda wa kichakataji, hulinda kumbukumbu ya kila mtumiaji, na husimamia diski na vifaa. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Mfumo pachikwa ni kompyuta iliyofichwa ndani ya kitu kingine, kama vile breki za gari, mita ya umeme, mashine ya kufulia au roketi. Kazi hizi mbili zilionekana kuwa ngome ya asembli kwa sababu tatu. Kwanza, kumbukumbu ilikuwa ndogo na ya ghali, hivyo kila amri ilihesabiwa. Pili, kiini lazima kifikie mahali mahususi pa maunzi ambapo lugha ya juu kwa kawaida hapana neno la kupataja. Tatu, kazi nyingine zina muda maalumu: breki inayotoa jibu sahihi baada ya gari kugonga haina faida.

Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na timu ya John Backus katika kampuni ya IBM mwaka 1957, ilikwisha kuonesha kwamba kompaila inaweza kutoa amri zinazokaribia ubora wa zile za mtaalamu. Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa wa hesabu za kisayansi. Mifumo endeshi iliendelea kuandikwa kwa asembli, ukiwemo ule mkubwa wa OS/360 ambao IBM iliutangaza mwaka 1964. Frederick Brooks, aliyeusimamia mradi huo, aliandika mwaka 1975 kwamba hakuona tena sababu ya kutumia asembli katika kazi ya namna hiyo. Katika miaka hiyo kumi na moja, majaribio matatu yaliubadili ubishi.

3. Burroughs: mashine iliyosogezwa kuelekea lugha

Jaribio la kwanza lilitoka katika kampuni ya Burroughs ya Marekani. Kompyuta ya B5000, iliyotangazwa mwaka 1961 na kubuniwa na timu ya Robert Barton, haikufuata utaratibu uliozoeleka wa kujenga mashine kwanza na kutafuta lugha baadaye. Wabunifu walianza na ALGOL 60, lugha iliyobuniwa na kamati ya kimataifa, wakauliza mashine inayoitekeleza lugha hiyo vizuri iwe ya namna gani. Watumiaji hawakupewa asembli. Mfumo endeshi wake, ulioitwa MCP, ulikuja kuandikwa kwa ESPOL, yaani ALGOL iliyoongezewa uwezo wa kugusa maunzi, na katika mashine ya B5500 ya mwaka 1964 huo ndio uliokuwa utaratibu wa kazi.

Jambo moja la kiufundi linastahili kukumbukwa kwa sababu litarudi baadaye. Katika mashine hizo, kila safu ya data iliambatana na maelezo ya mahali ilipo na ukubwa wake. Programu ilipojaribu kusoma kipengele cha 101 katika safu yenye vipengele 100, mashine yenyewe ilikataa. Lugha ya juu ilikuwa imeleta ulinzi ambao asembli haikuwa nao.

Burroughs ilithibitisha kwamba kazi inawezekana, lakini wapinzani walikuwa na jibu tayari: imewezekana kwa kuwa mashine ilijengwa makusudi kwa ajili ya lugha. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila lilificha jambo lililo la kweli vilevile, kwamba mashine nyingine zote nazo zilikuwa zimejengwa makusudi kwa ajili ya asembli. Mazingira yaliyoonekana kuwa ya asili yalikuwa chaguo la watu.

4. Multics: lugha iliyochaguliwa kabla ya kuwa na kompaila

Jaribio la pili lilianza mwaka 1964, pale Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), kampuni ya General Electric na maabara za Bell zilipoungana kujenga Multics, mfumo wa kuhudumia watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Waliamua kuuandika kwa PL/I, lugha mpya na kubwa sana ambayo wakati huo haikuwa na kompaila katika mashine yao. Kampuni iliyopewa kazi ya kuitengeneza kompaila hiyo ilishindwa. Ikabidi Douglas McIlroy na Robert Morris wa maabara za Bell watengeneze haraka kompaila ya muda iliyofasiri sehemu tu ya lugha, ikaitwa EPL. Amri ilizotoa zilikuwa nzito na za polepole. Maabara za Bell zilijitoa mwaka 1969, na wengi walitafsiri kujitoa huko kuwa ushahidi dhidi ya lugha ya juu.

Mwaka huohuo Multics ilianza kutoa huduma MIT, na kiongozi wake, Fernando Corbató, alichapisha tathmini ya PL/I kama chombo cha kuandikia mfumo. Hakuficha gharama. Alikiri uzito wa lugha na udhaifu wa kompaila ya mwanzo. Hoja yake ilikuwa kwamba katika mfumo mkubwa upotevu mkubwa wa kasi hutokana na ubunifu mbaya wa kazi kuliko na amri moja moja. Ubunifu mbaya huweza kurekebishwa iwapo msimbo unasomeka na sehemu nzima inaweza kuandikwa upya kwa muda mfupi. Lugha ya juu ilipunguza ubora wa kila amri, ikaongeza uwezo wa kurudia kazi hadi ikae sawa.

Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo kiini cha ubishi. Mpinzani alipima mstari mmoja, naye Corbató akapima mfumo mzima pamoja na miaka yake ya matunzo.

5. Unix na C: mistari 800

Miongoni mwa waliotoka Multics walikuwamo Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1969 Thompson aliandika toleo la kwanza la Unix kwa asembli katika kompyuta ya PDP-7 yenye kumbukumbu ya maneno ya mashine 8,000 hivi. Alibuni pia B, lugha ndogo iliyotokana na BCPL ya Martin Richards wa Cambridge. B haikuwa na aina za data. Kila kitu kilikuwa neno la mashine. Walipohamia PDP-11, mashine inayohesabu kumbukumbu kwa baiti, upungufu huo ulionekana dhahiri, na kuanzia mwaka 1971 Ritchie akaanza kuiongezea lugha hiyo aina za data. Ikageuka kuwa C.

Mwaka 1972 Thompson alijaribu kuandika kiini cha Unix kwa C, akashindwa na kuacha. Sababu ilijulikana: lugha haikuwa na muundo, yaani njia ya kufunga pamoja vipande vya taarifa vya aina tofauti chini ya jina moja. Kiini cha mfumo endeshi kimejaa taarifa za namna hiyo, kwa mfano faili yenye mwenyewe, ukubwa, tarehe na mahali ilipo katika diski. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ritchie aliongeza muundo katika lugha, na katika kiangazi cha mwaka 1973 kiini kikaandikwa upya kwa C kwa mafanikio. Upungufu uliowazuia mwaka uliotangulia haukuonekana kwa kukaa na kuitafakari lugha. Ulionekana kwa kujaribu kuitumia.

Makala waliyoichapisha mwaka 1974 ilitaja gharama bila kuzunguka: mfumo mpya ulikuwa mkubwa kuliko wa asembli kwa takriban theluthi moja. Waliona kwamba ongezeko hilo linakubalika kwa kuwa mfumo ulikuwa rahisi zaidi kueleweka na kurekebishwa, na ulikuwa umeongezewa uwezo ambao wa kwanza haukuwa nao.

Miaka minne baadaye, mwaka 1978, Thompson alitoa hesabu ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ni ya thamani kuliko hoja zote za miaka hiyo. Kiini cha Unix kilikuwa na mistari 10,000 hivi ya C na mistari 1,000 hivi ya asembli. Kati ya hiyo 1,000, mistari 200 iliandikwa kwa asembli kwa ajili ya kasi tu, na ingeweza kuandikwa kwa C. Iliyobaki, 800, ilifanya kazi za maunzi ambazo C haikuweza kuzieleza. Swali la iwapo lugha ya juu inatosha liligeuka kuwa swali la ni mistari mingapi haitoshi, ipi, na kwa nini. Jibu la swali la namna hiyo linaweza kufanyiwa kazi.

Faida ya uamuzi huo ilionekana upesi. Mwaka 1977 Unix ilihamishiwa katika kompyuta za Interdata, katika maabara za Bell na katika Chuo Kikuu cha Wollongong nchini Australia. Mfumo wa asembli haungeweza kuhama bila kuandikwa upya wote. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo leo ndiyo kiini cha simu za Android, nayo iliandikwa kwa C. Kwa hiyo mkazi wa Kampala, Kigali au Bujumbura anapofungua simu ya namna hiyo, anaitumia kazi ya mwaka 1973.

6. Vyombo vya anga na lugha ya Ada: amri, kazi na hesabu ya tahadhari

Katika mifumo pachikwa mabadiliko yalikuwa ya polepole zaidi, kwa kuwa kosa huko hudhuru mwili wa mtu. Chombo cha anga cha Columbia kilichoruka Aprili 1981 kilikuwa na programu za safari zilizoandikwa kwa HAL/S, lugha ya juu iliyobuniwa kwa ajili ya mradi huo. Mfumo endeshi wa kompyuta zake, hata hivyo, ulibaki katika asembli. Wahusika waligawa kazi kwa mujibu wa vipimo vyao, na mgawanyo huo haukuizuia HAL/S kubeba sehemu iliyobaki.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwaka 1975 ilitafuta lugha moja ya kuondoa utitiri wa lugha zilizotumika katika silaha na vyombo vyake. Matakwa yaliandikwa, yakasambazwa na kuandikwa upya mara kadhaa, kisha mashindano yakafanyika. Mwaka 1979 ikachaguliwa lugha ya timu ya Jean Ichbiah kutoka Ufaransa, ikaitwa Ada kwa heshima ya Ada Lovelace. Ilikuwa lugha yenye nidhamu kubwa, na imetumika katika ndege na reli hadi leo. Wizara iliweka sharti la kuitumia, lakini kompaila nzuri zilichelewa na ruhusa za kutoitumia zikazidi. Mwaka 1997 sharti likaondolewa. C, ambayo haikuamriwa na yeyote, ilikuwa imeenea kila mahali kwa sababu kompaila yake ilikuwa tayari mezani mwa mwanafunzi pamoja na mfumo mzima ulioandikwa kwa lugha hiyo.

Ada ilitoa pia somo la pili. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka kiasi cha sekunde 40 baada ya kuanza safari yake ya kwanza. Programu ya chombo cha kupima mwelekeo, iliyoandikwa kwa Ada na kurithiwa kutoka Ariane 4, ilijaribu kuigeuza namba ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ikawa kubwa mno. Lugha iligundua kosa, lakini hakuna aliyeandika la kufanya kosa hilo likitokea. Uchunguzi ulionesha kwamba kati ya namba saba za aina hiyo, nne zililindwa na tatu ziliachwa kwa makusudi, ili kazi ya kichakataji isipite asilimia 80 ya uwezo wake. Katika safari za Ariane 4 namba hizo tatu zisingeweza kukua kiasi hicho. Katika Ariane 5 moja yake ilikua. Waliobana matumizi walikuwa na hesabu sahihi ya roketi ambayo haikuwa tena ile iliyorushwa.

7. Deni la C na majaribio ya karne hii

Ushindi wa C ulikuwa na gharama ambayo haikuonekana mwaka 1974. Ili ibaki nyepesi, C iliacha ulinzi wa mipaka ambao Burroughs ilikuwa nao. Tony Hoare, katika hotuba ya kupokea Tuzo ya Turing mwaka 1980, alieleza kwamba wateja wa kompaila yao ya ALGOL katika miaka ya 1960 waliulizwa kama wangependa kuzima ukaguzi wa mipaka ili wapate kasi, wakasihi usizimwe. Onyo lake halikuzingatiwa na wengi.

Novemba 1988 programu moja ilisambaa yenyewe katika kompyuta nyingi za intaneti ya wakati huo. Njia mojawapo iliyotumia ilikuwa kutuma herufi nyingi kuliko nafasi iliyotengwa na programu ya C, ambayo ilipokea bila kuhesabu. Mwandishi wake alikuwa Robert Tappan Morris, mwana wa yule Robert Morris aliyeshiriki kutengeneza EPL, na alihukumiwa na mahakama kwa kitendo hicho. Mwaka 2014 kosa la jamii hiyohiyo, lililoitwa Heartbleed, lilifichua siri za seva nyingi duniani. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaourekebisha kila mwaka unatokana na matumizi mabaya ya kumbukumbu. Kasi iliyopatikana katika miaka ya 1970 ilikuwa imenunuliwa kwa mkopo, na waliolipa hawakuwapo wakati mkopo ukichukuliwa.

Kwa sababu hiyo ubishi wa kale umefunguliwa tena, na mara hii C yenyewe ndiyo inayoshikilia nafasi ya asembli. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, akiwemo Robert Morris huyohuyo ambaye sasa ni profesa, walichapisha matokeo ya Biscuit, kiini kilichoandikwa karibu chote kwa Go, lugha inayojisafishia kumbukumbu yenyewe. Walilinganisha njia zinazofanana za msimbo katika Go na C, wakakuta Go ni ya polepole kwa asilimia 5 hadi 15. Kusitishwa kwa kazi kwa muda mrefu zaidi kwa sababu ya usafishaji huo, katika jaribio lao la seva ya tovuti, kulikuwa maikrosekunde 115. Hawakudai kwamba Go inashinda. Walisema kwamba panapohitajika kasi ya mwisho C inafaa, na kwamba panapohitajika usalama sasa gharama yake inajulikana.

Rust, ambayo toleo lake thabiti la kwanza lilitoka mwaka 2015, inakagua umiliki wa kila kipande cha kumbukumbu wakati wa kompaila, hivyo haihitaji kusitisha kazi kwa usafishaji. Desemba 2022 toleo la 6.1 la Linux lilikuwa la kwanza kuruhusu sehemu za kiini kuandikwa kwa Rust. Hata humo, sehemu zinazogusa maunzi moja kwa moja huwekewa alama maalumu kuonesha kwamba hapo kompaila haiwezi kutoa dhamana. Mistari 800 ya Thompson haijaisha. Imepewa uzio na jina.

Katika vifaa vidogo, Damien George alianzisha MicroPython mwaka 2013, akaifanya lugha ya Python ikae ndani ya kompyuta ndogo kama kidole gumba. Bodi ya micro:bit, iliyogawiwa wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016, ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 16 tu na inaendesha lugha hiyo. Kiini cha MicroPython kimeandikwa kwa C, nayo haifai kwa breki za gari. Inafaa kwa mtoto anayetaka kuwasha taa leo na kuelewa kwa nini imewaka.

8. Mjadala: funzo kwa watafiti wa Kiswahili

Historia hii inatoa mambo manne yanayogusa mjadala wetu. La kwanza ni kwamba wapinzani hawakuwa wajinga. Kila gharama waliyoitaja ilikuwapo, na waliofanikiwa ni wale walioikubali, wakaipima na kuamua iwapo wailipe. Mtetezi wa Kiswahili anayekana kwamba kufundisha somo la mifumo endeshi kwa Kiswahili kutahitaji muda na fedha zaidi katika miaka ya mwanzo anajinyima hoja yake bora zaidi.

La pili linahusu mpangilio wa kazi. Mara nyingi tumedhani kwamba istilahi zitangulie na ufundishaji ufuate. C haikupata muundo katika kamati. Iliupata kwa sababu kazi ya mwaka 1972 ilikwama mahali panapojulikana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi katika Kiswahili. Kazi ya namna hiyo humlazimisha mfasiri kutafuta neno la kitufe kilicho mbele yake, na neno hilo hukaguliwa siku hiyohiyo na anayekibonyeza. Kazi hiyo, hata hivyo, iliishia kwenye uso wa programu. Maelezo ya kilicho chini ya uso huo, kwa Kiswahili cha darasa la chuo, bado ni machache.

La tatu ni hesabu ya Thompson. Tunasema Kiswahili hakitoshi au kinatosha, lakini ni mara chache tunaposema ni wapi hasa. Inafaa mhadhiri mmoja afundishe somo moja kwa muhula mmoja, ahesabu dhana zilizoelezeka bila shida, zilizohitaji neno la mkopo, na zilizokwama kabisa, kisha achapishe orodha hiyo. Mwandishi alipoandaa makala hii aliweka hesabu ndogo ya namna hiyo. "Kompaila", "asembli" na "biti" zilibaki mikopo, wala hazikuleta taabu. Kilichomsumbua zaidi ni kupata neno moja la ishara ya ghafla inayokikatiza kichakataji kazini, na mwishowe aliipitia dhana hiyo bila kuitaja. Upungufu uliotajwa hivyo unaweza kurekebishwa na mtu mwingine.

La nne ni amri. Ada haikushindwa kwa ubovu wake. Sharti lilitangulia nyenzo. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Maamuzi hayo ni ya kushukuriwa, na mwandishi ni miongoni mwa walioyafurahia. Lakini mwalimu aliyepewa sharti bila kitabu atafanya walivyofanya wahandisi wa miaka ya 1980: ataomba ruhusa ya kutolitekeleza.

Ulinganisho huu una mipaka. Kompaila moja nzuri ilitosha kubadili hatima ya C, ilhali lugha ya watu haina kompaila. Inahitaji walimu, wazazi, wachapishaji na watahini, na maslahi yao hayapimwi kwa maikrosekunde. Pia wahandisi wangeweza kushindwa mwaka 1972 na kujaribu tena mwaka 1973. Mwanafunzi aliyefundishwa vibaya kwa muhula mzima harudishiwi muda wake. Hiyo ni sababu ya kuanza na jaribio dogo lililopimwa vizuri.

9. Hitimisho

Makala imeonesha kwamba katika historia ya mifumo endeshi na mifumo pachikwa, uwezo wa lugha ya juu haukugunduliwa ukiwa tayari. Ulitengenezwa na watu walioibebesha kazi, wakahesabu ilipopungukiwa, wakairekebisha au wakauwekea upungufu huo mipaka iliyo wazi. Imeonesha pia kwamba gharama inayokwepwa leo hurudi baadaye kwa watu wengine, kama ilivyotokea kwa ukaguzi wa mipaka. Makala inapendekeza kwamba vyuo vya ukanda huu vyenye idara za Kiswahili na za kompyuta vichague somo moja la mwaka wa kwanza, lifundishwe kwa Kiswahili sambamba na lugha iliyozoeleka, na matokeo yake, pamoja na orodha kamili ya mahali lugha ilipokwama, yaletwe katika kongamano kama hili. Tukiwa na orodha hiyo mkononi tutakuwa na jambo la kufanyia kazi.